Aligundua madini mapya kwenye kimondo, hajaruhusiwa kuyaona

Saa mbili asubuhi, fundi wa maabara anabonyeza kidole kwenye kifaa cha mlangoni. Kinakataa. Anajaribu kidole kingine, kinakataa. Mlinzi, aliyekwisha kuzoea, anamfungulia.

"Alama za vidole zimekwisha, mwanangu," fundi anamwambia mwandishi wa habari hii huku akivaa koti. "Zimeliwa na mawe."

Mawe yenyewe ni vimondo vilivyoanguka kutoka angani. Kwa miaka ishirini na sita amevikata na kuvisugua hadi ving'ae na kuwa vyembamba kuliko unywele, ndipo wataalamu wavichunguze.

Miaka mitatu iliyopita, kidoa kimoja kwenye kipande cha kimondo kilimgomea.

"Nasugua, kila kitu kinalainika, chenyewe kimesimama tu. Nikasema, hiki si cha kawaida."

Akakipeleka kwa profesa, mkuu wake.

"Akaniambia, 'Mama, huo ni uchafu wa mashine yako. Sugua uishe.'"

Hakusugua. Alikizungushia wino mwekundu, akakifungia kipande kwenye droo, na kila wiki akamkumbusha profesa, hadi wenzake wakambandika jina la Mama Kidoa.

Baada ya miezi mitano profesa alichoka kusumbuliwa. Kipande kikawekwa chini ya hadubini ya elektroni. Ndani ya kidoa zilionekana fuwele ndogo ajabu. Elfu moja zikipangwa foleni hazizidi upana wa unywele. Hazikufanana na madini yoyote yaliyojulikana.

Madini mapya yakatangazwa, yakapewa jina la mwalimu wa zamani wa profesa. Ripoti ina waandishi kumi na mmoja. Fundi hayumo. Mwishoni pana mstari mmoja: "Tunawashukuru wahudumu wa maabara."

"Wahudumu," anarudia, akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Dada yangu aliona picha ya wale kumi na mmoja gazetini, akaniuliza, 'Wewe uko wapi hapa?' Nikamwambia mimi ndiye niliyeshika kamera. Nilimdanganya."

Profesa, alipoulizwa, hakusita: "Kuona kidoa si kugundua. Yule mama ni hodari, lakini kila mtu ana kazi yake."

Mwezi wa kumi na mbili fundi huyo anastaafu. Ofisi imemuuliza anapenda keki gani ya kumuaga. Fuwele zenyewe hajaziona hata siku moja. Mafundi wa daraja lake hawaingii chumba cha hadubini kubwa. Barua zake mbili za kuomba ruhusa hazijajibiwa.

"Keki wale wenyewe," anasema. "Mimi nataka nusu saa tu, nikae kwenye kile kiti cha hadubini, nizione. Barua ya tatu naipeleka Jumatatu kwa mkono wangu, na siondoki pale ofisini mpaka mtu anijibu."