Mbio Zangu za Wadini

Kokoto za wadi hazilii sawa asubuhi na jioni. Asubuhi zina ubaridi, na ukizikanyaga zinatoa mlio mkavu, mfupi, kama mtu anayetafuna sukari guru karibu na sikio lako. Jioni, zikishapigwa na jua kutwa nzima, zinalia kwa uzito, na joto lake linapenya soli ya kiatu mpaka unalihisi vidoleni. Nazijua sauti zote mbili kwa sababu msimu ule nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikimbia humo karibu kila siku. Kwa asiyepajua kwetu Ibra, Omani, wadi ni mto usio na maji: bonde pana la mchanga na mawe linalopita baina ya mashamba ya mitende na majumba ya udongo yaliyohamwa zamani. Huwa kavu karibu mwaka mzima, hata magari hulikatiza na watoto huchezea mpira humo. Mimi nilipapendea jambo moja tu. Kingo zake ni ndefu, na mtu aliyeko barabarani hamwoni aliye chini.

Nilikuwa naogopa kuonekana. Niliogopa kuitwa jina darasani, niliogopa kuingia dukani peke yangu, niliogopa hata kumwitikia jirani salamu, nikajifanya nafunga kamba za viatu mpaka apite. Ndiyo maana kuchaguliwa kwangu kulikuwa kama kichekesho. Mwalimu wetu wa michezo aliniona siku moja natoroka zamu yangu ya kusoma mbele ya shule nzima asubuhi. Nilikatisha uwanja, nikazunguka maktaba, nikajifungia chooni. Kesho yake akaniambia kwamba wasichana wawili walitumwa kunikamata na hakuna aliyenifikia, basi afadhali nikimbie kwa faida. Kulikuwa na mashindano ya shule yatakayofanyika Sur, mbio ndefu, barabara ya pwani. Nilikubali kwa sababu sikuweza kukataa. Halafu, sijui lini hasa, nikaanza kuzitaka zile mbio kuliko kitu chochote nilichopata kukitaka. Nilitaka nizimalize bila kutembea hata kidogo. Si zaidi ya hapo.

Habari ya nyama ilikuja yenyewe. Wenzangu wengi hudhani nililia nilipoona mbuzi akichinjwa, na mimi niliwaacha wadhani hivyo kwa kuwa ni rahisi kueleza. Kweli ni kwamba kila nikila nyama mchana, jioni nilikimbia na kichomi ubavuni, na nikila kunde au mchicha, sikupata kitu. Nikaipunguza, nikaiacha, na nilipokwisha kuiacha nikakuta hata harufu yake siitaki. Nikaacha na mayai, na maziwa, na samaki. Jambo hilo si dogo katika nyumba ya Kiomani. Siku ya Idi shuwa ilitolewa shimoni, ile nyama inayozikwa na viungo vyake ndani ya majani makavu ya migomba ikalala kwenye makaa mpaka inaachia mfupa wenyewe, na ami yangu aliyekuja kutoka Samail akanikatia kipande kwa mkono wake, akaniwekea upande wangu wa sinia. Kukataa kipande cha mkono wa ami ni sawa na kumfungia mlango. Nilikitazama kile kipande, nikasema kwa sauti ambayo sidhani ilitoka kwamba mimi sili. Sinia zima liligeuka kunitazama. Kaka yangu Hamad akasema huyu msimpe sahani, mfungeni kamba pale nje na wenziwe. Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Wageni walipoondoka Baba aliniita. Si mtu wa kupiga kelele. Anafanya kazi ofisi ya serikali Izki, na hata nyumbani huongea kama anayejibu barua. Alisema hatanilazimisha kula. Alisema pia kwamba haoni mtoto anayekua akikimbia juani kwa nguvu za majani. "Siku utakayoanguka, Zuwena," akaniambia, "hata mara moja tu, mbio khalas, zimekwisha, na majani yako khalas." Tangu siku ile nikawa na hofu ya kuanguka. Nikiinuka ghafla kitandani na kuona kiza machoni, nilishika ukuta na kutabasamu, hata kama hakukuwa na mtu chumbani. Nilikula tende kwa siri kama mwizi. Nilimtazama Baba akinitazama, na kila chakula kikawa mtihani.

Mama naye akaongeza sharti lake kwamba nisikimbie peke yangu. Hamad alikataa kufuatana na mimi, akasema ataonekana. Ndipo Bibi akajitolea. Bibi ni mama yake Baba, alizaliwa Malindi, mjini Unguja, akaja Omani kijana, na Kiswahili chake mpaka leo ni kile cha huko, laini, hakina haraka. Hutuita sisi wajukuu wa kike wake wenza, na anapotaka kuniudhi huniambia kwamba marehemu babu angenipenda mimi zaidi kwa sababu silalamiki. Kuhusu kula kwangu yeye hakuona ajabu. Alisema kwao siku isiyo na kitoweo walipika mchicha wa nazi wakala wakashiba, na hapana aliyeipa jina siku hiyo. Basi yeye ndiye aliyenipikia: kunde, maboga, mhogo wa nazi, ndizi mbichi, dengu. Jioni, baada ya sala ya alasiri, tuliteremka wote wadini. Yeye alikaa chini ya mkunazi mmoja ulioota mchangani, juu ya mkeka, na tasbihi yake na chupa ya kahawa. Mimi nilikimbia kwenda juu, upande wa milimani, mpaka penye kona, nikageuka nikarudi.

Lakini Bibi alikuwa akiogopa. Nilichelewa kulijua hilo. Kila nikirudi nilimkuta amesimama, tasbihi imebanwa mkononi, na hakai mpaka nifike karibu kabisa aone uso wangu. Halafu hufanya mzaha, huniuliza nani ananifukuza, mwambie namdai. Nilimuuliza Mama kwa nini Bibi hakai kitako. Mama akaniambia kwamba Bibi, alipokuwa na umri kama wangu, siku za mapinduzi, yeye na mama yake walitoka nyumbani mbio, chungu kikiwa jikoni, na hawakurudi tena katika nyumba ile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilifahamu basi kwamba kila jioni nilimchezea Bibi ung'ongo mbele ya macho yake, na yeye alikuja tu, kesho na keshokutwa, na kahawa yake.

Siku ninayotaka kuielezea, mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Kulikuwa na joto la kunata, si la kawaida yetu. Bibi alisimama mlangoni akaangalia juu, akanusa, akasema hapana mvua leo. Kwao Unguja, alinieleza njiani, mvua ni mgeni mwenye adabu: hutanguliza wingu, kisha upepo, kisha harufu, ndipo yenyewe ikaingia. Mimi nilimwamini. Nyumbani kwetu wote tulizoea kuitazama mbingu iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa na mtu aliyefunzwa kisiwani. Majirani zetu, ambao mababu zao walizaliwa na kuzikwa hapa hapa, hawaiangalii mbingu ya Ibra. Wao huangalia milima. Laiti tungegeuza shingo tungeona kwamba kule mbali vilele vilikuwa vimemezwa na weusi. Mvua ya huku hunyesha kwa wengine, na maji yake huja kwako.

Nilikuwa sijafika kwenye kona nilipowaona mbuzi. Walikuwa wakitafuna vijiti pembeni, kisha wote wakainua vichwa kwa pamoja wakapanda ukingo, hapana aliyewachunga. Nikasimama. Kwanza nilisikia kitu kama lori linalomwaga kifusi mbali sana, ila halikumaliza kumwaga. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi, harufu nzuri, na sijapata kuogopa harufu kama nilivyoiogopa ile. Halafu nikaona kwenye kona: maji ya rangi ya chai ya maziwa, si mengi bado, yanasukuma mbele yake makuti na chupa za plastiki na povu, yanakuja kwa kutambaa, na nyuma yake yanapanda.

Ukingo ulikuwa karibu nami. Ningepanda pale pale nikawa salama, na mwili wangu wote ulitaka hivyo. Lakini Bibi alikuwa chini kule mchangani, na masikio yake hayasikii vizuri. Nikageuka nikakimbia. Sikukimbia kama nilivyofundishwa. Sikukumbuka pumzi wala mikono. Nilijaribu kumwita na sauti haikutoka. Mdomo ulikuwa wazi na ndani hamna kitu, kama siku zile za kuitwa darasani. Nilisema moyoni, ukianguka sasa, Baba atajua ulianguka. Ndivyo nilivyowaza, kweli, sikuwaza kufa, niliwaza Baba ataniachisha mbio. Nyuma yangu mawe yalianza kugongana chini ya maji.

Bibi alikuwa amesimama kama kawaida yake. Alinitazama nikija, bado mbali, na sikuwa nimesema neno. Sijui aliona nini. Hakutazama nyuma yangu. Aliacha mkeka, akaacha kahawa, akavua kandambili, akapandisha buibui mpaka magotini akalifunga kiunoni, na yule bibi ambaye hushuka ngazi akishika ukuta akapanda ukingo kwa mikono na magoti, mawe yakimporomokea. Nilipofika chini yeye alikuwa juu kifudifudi, mkono umeninyooshea. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta, nami nikapanda kwa kucha. Maji yalipopita, mkunazi ulitikisika mara mbili tatu, kisha ukazama mpaka nusu. Mkeka sikuuona ulivyokwenda.

Tulilala pale juu ya mawe, mimi natapika maji matupu. Bibi magoti yanamtoka damu. Alinifuta mdomo kwa ncha ya buibui lake. "Siku zote ulikuwa ukicheza," akaniambia. "Leo ndio nimekuona mtu anavyokimbia." Nilimuuliza alijuaje, kwa kuwa sikumwita. Alinipapasa mgongoni mpaka pumzi zikarudi, halafu akaanza kutetemeka yeye.

Baba alitukuta kwa majirani. Alikuwa amepata onyo la mvua kwenye simu akiwa Izki, akapiga, na simu zetu zote mbili tuliziacha nyumbani. Alivyokuwa akiendesha gari huku wadi zikijaa njiani sitaki kufikiri. Aliuangalia uso wangu, akayaangalia magoti ya mama yake, na akasema lile nililolijua. Mbio basi. Sur hakuna. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha, kwa maana Baba akisema polepole harudi nyuma. Mimi nililia. Mbele yangu nilikuwa na bibi aliyejeruhiwa kwa ajili yangu.

Ni Bibi aliyesema, mguu wake ukiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alimwita Baba kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sisi hatuna ruhusa ya kulitamka. "Mimi nimekimbia mara moja katika dunia hii," akasema, "na miguu yangu haikuwa imefunzwa. Huyu yake imefunzwa. Usiifunge."

Baba alisema, "Mama, wadi ingewachukua."

"Ilitaka kutuchukua kwa kuwa tulikuwa mahali pa kujificha. Atakimbia juu, barabarani, mbele za watu. Na kila mlango atakaoupita atatoa salamu, kwa sauti, wamsikie. Akiwa hawezi kusalimu, na mbio asizitake."

Nilitamani afadhali maji ya wadi yanirudie. Bibi alijua anachokitoza. Kesho yake baada ya alfajiri nilisimama mlangoni na viatu vyangu, moyo ukinipiga vibaya kuliko ulivyonipiga mbele ya maji, nao Baba na Bibi wamekaa barazani wakisubiri wasikie. Nyumba ya kwanza nilinong'ona. Bibi akanirudisha. Mara ya pili yule mama wa pale alitoka na ufagio mkononi, akaitika, akaniuliza naenda wapi mbio mbio, harusini? Nikasema nakwenda Sur. Alicheka mpaka akaegemea ufagio. Asubuhi hiyo nilikimbia nikiwa naona haya mpaka masikio yananiwaka, na sikufa.

Sur nilikwenda. Sikushinda kitu, nilikuwa nyuma nyuma, na kwenye kilima cha mwisho nilitaka sana kutembea. Sikutembea.

Sasa nina miaka kumi na saba na bado sili nyama. Ami wa Samail siku hizi hunimegea malenge, kwa mkono ule ule, na Hamad amechoka kutafuta mzaha mpya. Wadini sijashuka tena, hata ikiwa kavu, hata wenzangu wakinicheka. Kabla ya kutoka naangalia milima, sio juu. Bibi hatoki tena nje ya ua, magoti yake hayakupona sawasawa. Mimi nilidhani hofu humtoka mtu akikua. Haikunitoka. Zamani nilikimbia ili mtu asijue nilipo, nikaona huo ndio usalama wangu. Leo bado sauti inanikwama kooni kila asubuhi kabla ya mlango wa kwanza, naivuta kwa nguvu, natoa salamu, naitikiwa, naendelea mlango wa pili. Ninajua kwamba siku nisiyopita, kuna mtu atauliza.