Jogoo wa Bibi

Juzi huko Nakaloke, kwenye mkutano wa harusi ya mpwa wangu, kasichana kamoja kalisimama kutoa ahadi ya mchango. Mama yake akamvuta gauni haraka, akamkalisha. Nilicheka mpaka machozi.

Utotoni nilikuwa kama yeye, alasiri moja kwetu Kimaka, sebule ikinukia udi na chai ya tangawizi, majirani wakisimama mmoja mmoja kuisaidia harusi ya shangazi.

"Mimi naleta mchele." Makofi.

"Mimi naleta viti." Makofi.

Nilidhani ukisimama unapigiwa makofi, basi, yameisha. Nikasimama.

"Mimi naleta jogoo wa bibi!"

Makofi yalitikisa mabati. Bibi, aliyempenda jogoo yule kuliko sisi wajukuu, hakuweza kukataa mbele za watu. Aliinuka taratibu.

"Na mimi naleta huyu mjukuu. Ataosha sufuria zote."

Nilipiga makofi kuliko wote.