Mnyororo wa Mto Ngerengere

Babu yangu mzaa mama, Hatibu bin Kibwana, alizaliwa Mkuyuni kabla Wajerumani hawajajenga boma Morogoro. Alihitimu Kurani mapema, akapelekwa Bagamoyo kusoma fikihi, sheria ya Kiislamu. Aliporudi alizijua hukumu za mwizi na za muuaji kama wengine wanavyoijua njia ya kwenda kisimani. Lakini lilikuwapo swali lililomnyima raha, na jibu lake hakulikuta kwa mashehe: mtu aliyekula na jirani yake asubuhi, anawezaje kumvunja kichwa jioni?

Reli ilipofika Morogoro, Hatibu alikuwa karani wa boma, akiandika mashauri na kukalimani. Bwana Shauri, Mjerumani mwembamba aliyesikiliza kesi zote za wilaya, aliiona kiu yake. Baada ya kazi akawa anamkalisha barazani na kumfundisha: namna ya kumhoji shahidi bila kumtisha, namna ya kuitazama maiti, namna ya kupambanisha maneno ya watu wawili. Hatibu alisema kila somo lilikuwa kama kufunguliwa chumba kipya katika nyumba aliyodhani anaijua.

Kisha siku moja Bwana Shauri akatoa koleo la shaba, lenye miguu miwili iliyopinda.

"Kwetu Ulaya," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "wako mabingwa wanaosema mhalifu huzaliwa mhalifu. Fuvu lake linasema. Mimi nataka kujua kama ni kweli huku pia. Wewe utapima."

Hatibu akapima. Wafungwa wa mnyororo walikaa chini, naye akawapita mmoja mmoja akiwabana vichwa kwa shaba baridi na kuandika. Wengine walicheka, wakidhani wanashonewa kofia. Mmoja hakucheka. Aliitwa Dominiko, Mluguru wa Matombo, mkulima aliyebatizwa misheni. Akiwa amelewa pombe alimpiga shemeji yake kwa jembe, na shemeji akafa. Bwana Shauri aliuangalia upana wa taya zake na uzito wa nyusi zake, akatikisa kichwa.

"Huyu ndiye hasa," alisema. "Muuaji wa kuzaliwa."

Na Hatibu aliamini. Aliniambia hivyo wazi. Lile koleo lilikuwa na uzuri wake, na hesabu zilimpendeza.

Masika yalipoingia, wafungwa walipelekwa Mto Ngerengere kutengeneza daraja la magogo. Bwana Shauri alikuwa na haraka ya vipimo vya wafungwa wapya, akamtuma Hatibu awafuate hukohuko. Aliwakuta ng'ambo ya huku, wamefungwa shingo kwa shingo kwenye mnyororo mmoja, chini ya askari aliyeitwa Abasi. Abasi alikuwa mkali. Migongo ya wale watu ilimjua.

Hapo mtoni hapakuwa na hata tone la mvua, ila juu, Uluguru ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi mpaka miguuni. Abasi akataka kulijaribu gogo la katikati. Akaiegemeza bunduki yake kwenye jiwe, akavua mkanda wa risasi wenye ufunguo wa kufuli la mnyororo, akauweka juu ya jiwe hilohilo, akapanda gogo.

Maji yalianza kusikika kabla hayajaonekana. Yakashuka mekundu, yamebeba miti mizimamizima na mizizi yake. Gogo likang'oka. Abasi akatupwa, akazama, akaibukia mbele kidogo, ameng'ang'ania tawi la mti uliokwama kati ya mto. Alipiga kelele mara moja tu, maji yakamziba kinywa.

Hatibu alisimama na koleo mkononi. Hakujua kuogelea. Akageuka kuwatazama wafungwa, akaona wanalitazama jiwe. Bunduki ile pale. Ufunguo ule pale. Nyuma yao msitu, na nyuma ya msitu milima yenye ndugu zao. Mtu pekee aliyewazuia ni karani mmoja mwenye kanzu.

"Mungu ametufungulia," alinong'ona mmoja wao.

Dominiko ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mnyororo. Aliitazama milima, akamtazama Abasi.

"Mtu anakufa," alisema. "Twendeni."

"Na shingo zetu?"

"Shikeni chuma kwa mikono miwili. Wa mwisho ashike mti."

Akaingia. Na kwa kuwa mtu wa mnyororo haendi peke yake, wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka mto ukawa umekatwa na mstari wa vichwa. Wa mwisho alikumbatia mti wa ukingoni, naye Hatibu, bila kujua alivyofika, alikuwa amemkumbatia yule wa mwisho kiunoni, anasoma kila dua aliyoijua. Mnyororo ulikaza. Aliwaona wakinyongwa na chuma, macho yamewatoka, na hapana aliyerudi nyuma. Dominiko alinyoosha mkono, akakosa. Akanyoosha tena, akaukamata ukosi wa shati la askari.

Walipomtoa Abasi, walimlaza kifudifudi wakamkamua maji. Kisha wakaketi mahali pao, damu ikiwachuruzika shingoni, wakingoja. Ufunguo ulikuwa palepale juu ya jiwe.

Hatibu aliuchukua, akafungua kufuli apate kuwaosha majeraha. Hakuna aliyekimbia. Abasi alikuwa amekaa, anawatazama, machozi yanamtoka bila sauti.

"Nilihisi kama mtu aliyeingia msikitini na viatu," babu alituambia. "Nilikuwa nimevipima vile vichwa vyote."

Bwana Shauri alipoelezwa alilichukua koleo kwa Hatibu. Alikwenda gerezani mwenyewe, akampima Dominiko upya kwa mkono wake. Vipimo vilikuwa vilevile. Akalishusha koleo.

"Nenda Matombo," alimwambia Hatibu mwishowe. "Niulizie huyu mtu ni nani."

Hatibu akapanda mlima. Alimkuta Yuliana, dada yake Dominiko, akipalilia mihogo kwenye mteremko mkali. Huyu ndiye aliyekuwa mke wa marehemu. Kaka yake alikuwa amemuua mume wake.

"Umetoka kwake?" aliuliza, akaacha jembe.

"Ndiyo, mama."

"Anakula?"

Hatibu akaketi kwenye majani kando yake. Akamsimulia habari za mto. Yuliana alisikiliza ameinamisha kichwa, na alipoinua uso, ulikuwa umelowa.

"Mwaka mzima nimemlaani," alisema. "Na mwaka mzima watoto wangu wananiuliza mjomba wao yuko wapi. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Nimlaani nani sasa, nimwache nani?"

Kesho yake aliteremka na Hatibu mpaka mjini, amebeba kikapu cha ndizi na kuku wa kuchoma. Mlangoni pa gereza, Abasi ndiye aliyekuwa zamuni. Alimfungulia, akageuka kutazama ukuta ili ndugu wale waonane.

Bwana Shauri aliandika Dar es Salaam kuwaombea wafungwa wale msamaha. Wengine waliachiwa. Dominiko alipunguziwa tu, maana damu ilikuwa imemwagika, na mwenyewe alisema ni haki.

Alipotoka, Hatibu alifuatana naye kupanda Matombo. Walifika jua likiwa kali. Dominiko alisimama mbali na nyumba, hakuthubutu kusogea, kofia ameikamata kifuani. Watoto walitoka wakasimama mlangoni, wakamtazama. Yuliana akaja na kata ya maji, akayanywa yeye kwanza kidogo, kuonyesha hana kinyongo, kisha akampa kaka yake.

Dominiko alipiga magoti kunywa. Hatibu, msomi wa sheria mbili, ya Kurani na ya boma, alivua kofia yake, akakaa chini kwenye mavumbi pamoja naye.