Mgeni wa Serikali na Zulia la Kuazima

Bibi yangu alikosa pesa za wazee kwa sababu ya halua. Nikisema hivi watu hucheka, nami nawaacha wacheke, maana kuchekesha ndiyo kazi niliyoanza darasa la tatu. Shule niliishia la nane, lakini kuchekesha bado sijahitimu. Ila hii si mzaha. Ilikuwa halua robo, nyeusi, ya lozi, na niliyetumwa kuileta ni mimi.

Tunakaa Kibokoni, Mji wa Kale, chini ya nyumba ya ghorofa. Mlango wa nje una nakshi, watalii huja kuupiga picha, wengine husimama pale mpaka niwaombe njia nikatupe taka. Mlango si wetu. Nyumba pia si yetu, ni ya wakfu. Babu alipewa chumba na kiukumbi enzi za ujana wake, akafa, tukabaki mimi na bibi. Yeye alikuwa akichoma mahamri ya asubuhi akiuzia mtaa mzima, mpaka unga na mafuta vikapanda bei vikamshinda. Mimi nilikuwa utingo wa lori kule Makupa. Kontena zikaanza kupanda treni kwenda bara, lori zetu zikaegeshwa zikasahauliwa, paka wakazalia chini yake. Sasa nasukuma mkokoteni Marikiti, siku mzigo ukipatikana. Siku mzigo usipopatikana nausukuma mtupu, nionekane nina shughuli.

Bibi ana presha. Dawa yake ni kidonge kimoja kila siku. Zahanati ya serikali ukienda waambiwa hakuna, kanunue. Basi bibi akawa akikikata kidonge kwa kisu cha ndimu, nusu leo, nusu kesho. Nikamwambia, "Bibi, daktari alisema kizima."

Akanijibu, "Huyo daktari aliniona nikiwa nimenenepa. Mwili nao ni nusu siku hizi, watoshana."

Nilicheka. Lakini wiki ile ile alianguka chooni, na akili yangu ikawa haitoki kwenye vile vidonge.

Kwa hivyo mzee wa mtaa alipopita alasiri moja akasema kesho watu wa serikali watazunguka nyumba kwa nyumba, waandike wazee wa sabini kwenda juu wasiojiweza, wapate pesa kila mwezi, mimi nilitaka kumbusu. Nikapiga hesabu: bibi miaka anayo, kutojiweza tunako, kimebaki nini?

Kilichobaki ni bibi mwenyewe. Mzee wa mtaa alipoondoka tu, akainuka. "Kesho tuna mgeni," akasema. "Nenda kwa jirani, mwambie aniazime lile zulia jekundu. Na chupa yake ya kahawa. Halafu upite ukachukue halua robo, mwambie muuzaji nimekutuma mimi."

"Bibi, huyu si mgeni wa harusi. Yuaja kutazama ufukara."

"Ufukara wangu ni maonyesho?"

"Kesho, ndiyo. Kesho ni maonyesho."

"Mwana wewe! Mtu aingie kwangu kwa mara ya kwanza akute sakafu tupu? Akitoka aseme nini?"

"Aseme hawana kitu! Ndilo tunalotaka aseme!"

Alikuwa keshapanda kiti anateremsha vile vikombe vyake vya harusi, vyenye mstari wa dhahabu, ambavyo mimi nimekatazwa kuvigusa tangu nizaliwe. Nilikwenda kwa jirani, mama mmoja tunayegawana naye ukuta, nikarudi na zulia begani kama maiti.

Asubuhi nyumba ilikuwa yafuka udi. Aliyekuja ni msichana wa bara, mpole, kitambulisho kifuani, tableti mkononi, mgongo umemtota jasho. Akasimama mlangoni akaangalia ile nakshi, akaangalia zulia, akavua viatu bila kuambiwa. Pale pale nilijua tumekwisha.

"Karibu mwanangu, karibu. Keti. Kunywa kwanza kahawa, maneno yatakuja."

"Asante, nyanya. Niko na nyumba nyingi leo."

"Nyumba hazina miguu. Kunywa."

Akanywa. Akala halua. Akaletewa mahamri, manne, ambayo unga wake pia ulikuwa wa jirani, akayala yote. Ndipo akatuambia kwamba hakula tangu jana yake, na kwamba kazi yenyewe ni ya mkataba na hawajalipwa tangu waanze. Bibi akasikitika kweli, akamfungia mengine mawili kwenye karatasi aende nayo. Mimi nimekaa pembeni naangalia. Siku ile, wallahi, sisi ndio tuliomlisha mfanyakazi wa serikali.

Kisha akafungua tableti. Maswali yale aliyeyatunga hajawahi kufika Mji wa Kale.

"Ukuta ni wa udongo, wa mabati, ama wa mawe?"

"Wa mawe," bibi akasema, akanyoosha mikono yote miwili. "Upana wake hivi! Mawe ya zamani hayo, hayapatikani tena."

"Mko na ng'ombe? Mbuzi?"

Nikadakia mimi. "Paka wanane. Waandike, hata majina wanayo."

Akacheka. "Gari je?"

"Lipo moja," nikasema. "Liko Makupa, matairi kumi na nane. Nimelipumzisha."

Akacheka tena, lakini kidole chake kilikuwa chaendelea kubonyeza. Mpaka leo sijui lile gari aliliandika au hakuliandika. Sikumuuliza. Nilikuwa nafurahia kumchekesha msichana mzuri, na huku bibi yangu ananusia kaburi.

Halafu likaja swali lenyewe. "Nyanya, wiki iliyopita kuna siku mlilala bila kula?"

Zilikuwa siku mbili. Siku ya tatu tulikunywa chai ya rangi na mkate wa juzi.

"Alhamdulillah," bibi akasema.

"Ni siku ngapi?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Mungu hamtupi mja wake."

"Sasa niandike ngapi?"

"Andika alhamdulillah."

"Haina mahali ya kuandika hiyo, nyanya. Nambari tu."

Nikamkanyaga bibi mguu chini ya meza. Akageuka akanitolea macho. "Wanikanyagia nini? Huna adabu mbele ya mgeni?"

Msichana akaangalia vile vikombe vyenye dhahabu. Akabonyeza. Nikaona kidole kimekwenda kwenye sufuri. Ningeweza kusema. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno, siku ile uliona haya kumfanya bibi mwongo mbele ya mtu anayekula halua yake. Dawa je? "Napata." Nguo? "Nimevaa." Mtu wa kuwasaidia? Bibi akaninyooshea kidole mimi, kwa fahari kabisa, "Huyu hapa. Simba wangu." Simba mwenyewe nilikuwa sina hata nauli ya tuktuk.

Majina yalibandikwa kwa chifu baada ya miezi. Nilisoma ile karatasi juu mpaka chini, chini mpaka juu, nikaomba na mwenzangu anisomee, labda macho yangu ni ya darasa la nane. Bibi hayumo. Aliyekuwamo ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, mwenye watoto wawili wana tuktuk zao. Yeye alisikia serikali yuaja, akalifunika friji kwa shuka, akalala juu ya mkeka na fulana iliyotoboka. Nasikia hata kikohozi alikiazima. Sisi tukaazima zulia. Sote tuliazima, lakini mwenzetu alijua mtihani ni wa somo gani.

Sikumlaumu sana. Serikali yenyewe ndiyo iliyofundisha hivyo. Ukiwa masikini ukanyamaza, we si masikini, we ni takwimu ya watu wanaojiweza. Yataka ujianike, kisha upange foleni umeanikwa vivyo hivyo.

Mzee wa mtaa akaniambia kutakuwa na baraza la malalamiko kwa chifu, mwenye kuachwa aje ajieleze mwenyewe, mbele ya majirani, ili washuhudie. Bibi akakataa. Nikamuomba siku tatu. Siku ya nne nikamwambia, "Usipokwenda, mimi na dawa zako sina uwezo nazo tena." Lilikuwa neno baya na nilikusudia liwe baya. Akavaa buibui lake la kutokea, akajitia manukato, tukaenda.

Walikuwa watu kama mia, viti vya plastiki, jua limeanza kuchoma. Nusu yao niliwajua. Walikula mahamri ya bibi miaka na miaka. Chifu akaita kwa zamu. Wengine walilia. Mmoja alipandisha kanga akaonyesha kidonda cha sukari, watu wakageuza nyuso. Zamu ya bibi ikafika.

Akasimama, akajinyoosha. "Assalaam alaikum."

"Wa alaikum salaam," umati wote.

"Hamjambo? Watoto hawajambo? Mmeamkaje?" Akaendelea hivyo, akamuuliza mzee mmoja habari za mkewe, akamwambia chifu pole na kazi. Chifu akasema, "Bibi, eleza shida yako."

"Mimi nimekuja kuwasalimu," bibi akasema. "Shida ni za Mungu." Akaketi.

Watu wakacheka, kwa mapenzi, si kwa ubaya. Chifu akageuza ukurasa.

Ndipo nikasimama. Nilianza kwa mzaha, maana sijui kuanza vingine. Nikasema, "Chifu, usimsikilize huyu, bibi yangu akizama baharini atawauliza samaki habari za nyumbani." Wakacheka sana. Nikanogewa. Nikawaambia habari ya zulia, kwamba si letu, ni la jirani yule pale aliyefunga mtandio wa kijani. Jirani akainamisha kichwa. Nikawaambia halua ililipwa baada ya mwezi, na muuzaji alishachoka kuniuliza. Bado wanacheka. Nikawaambia bibi huweka sufuria ya maji jikoni ikachemka na haina kitu ndani, ili majirani wausikie mfuniko ukigonga wajue kwetu kunapikwa.

Hapo hawakucheka tena. Nikaona ningekomea hapo. Sikukoma. Nikatoa vile vidonge mfukoni, nilivichukua asubuhi bila yeye kujua, nusunusu ndani ya karatasi, nikavionyesha watu kama mtu anayeuza. Nikasema ameanguka chooni, nimemwinua mimi mwenyewe, peke yangu, na hali aliyokuwa nayo nikaitaja.

Bibi alivuta mtandio ukamfunika uso wote. Hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, kama yuko peke yake kwenye kile kiti.

Chifu akauliza, "Majirani, ni kweli?" Jirani wetu akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli." Jina likaandikwa.

Njiani tulipita uchochoro wa nyuma, ambao bibi huwa hapiti kwa sababu ya maji machafu. Nilimwambia, "Bibi, nimefanya kwa ajili yako."

Akasema, "Najua. Ungefanya kwa ajili ya adui yangu, ningekuwa na wa kumlaani."

Pesa zikaja. Zilichelewa, zikakwama, zikaja za miezi miwili pamoja, ikabidi tupange foleni kwa wakala tangu asubuhi, lakini zilikuja. Nikanunua dawa pakiti nzima. Bibi akameza kizima, na rangi ikamrudi. Nikajiambia, haya, imelipa.

Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Jirani akikuletea pilau, unaosha sahani unatia chochote, ndizi mbili, sukari ukikosa kabisa, ndipo unarudisha. Mpaka siku ya baraza bibi alikuwa akitia. Baada ya baraza sahani zikaanza kuja nyingi, kutoka nyumba ambazo hazikuwa zikileta. Na wenyewe wakifika mlangoni wasema kwa huruma, "Bibi, usijisumbue. Irudishe hivyo hivyo. Twajua hali." Wote walikuwa wakijua hali. Mimi ndiye niliyewajulisha. Mmoja alileta chakula kwenye kopo la plastiki, akasema hilo halirudi kabisa, tupa.

Bibi akaacha kukaa barazani nje ya mlango. Akaacha kwenda kwenye maulidi ya akina mama, na harusi ya mtoto wa jirani aliisikilizia ukutani. Nilimwambia twende Mama Ngina, kule baharini, apunge upepo, nimnunulie mhogo wa kuchoma. Akasema upepo unaingia dirishani bure.

Mwezi uliofuata pesa zilipoingia, nilirudi jioni nikakuta jikoni kunanuka iliki. Unga, sukari, lozi, samli. Sahani zote za watu zimepangwa mezani, saba, zimejaa kaimati na visheti, na lile kopo la plastiki nalo limejaa. Pesa ya serikali ya mwezi mzima ilikuwa mle.

"Na dawa?" nikauliza.

"Dawa ya nini, ikiwa siwezi kupita mlangoni kwa watu?"

Nilitafuta neno la kuchekesha. Nilikuwa nalo moja, zuri hata, nikaliacha. Akanikabidhi ya kwanza, akaifunika kwa kitambaa, akanipangia zamu ya nyumba, nianzie kwa jirani. Nilizipeleka zote. Kila mlango ukifunguliwa nilisema, "Bibi anakusalimu," na sikuongeza kitu.