Sauti Tuliyoijenga Mezani kwa Bibi

Nikifungua kompyuta yoyote ya zamani, pua yangu hufika Bariadi kabla macho hayajaona kitu. Ni harufu ya vumbi lililopata moto, na ndani yake nyuzi laini za pamba. Msimu wa pamba mji wetu ulivaa nyuzi hizo kila mahali: juu ya mabati, kwenye nywele, hata ndani ya chai. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na vitambaa vya kufuma. Redio ilifunikwa, televisheni ilifunikwa, na jagi la maji kwa bibi yangu lilikuwa na kofia yake.

Nilikuwa darasa la sita. Dada yangu Minza alikuwa kidato cha pili ugonjwa ulipompofusha macho. Msimu mzima alikaa nyumbani kwa bibi, mimi nikimsomea madaftari ya wenzake. Kisha mkuu wa shule yake akakubali kumpokea tena, ila awe na njia ya kujisomea mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsomea darasani. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi Shangazi Kabula akashuka kwenye bodaboda, amepakata kompyuta kuukuu kama mtoto. Yeye alikuwa fundi kompyuta pale mjini. Alikuwa amepata programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, na Kiswahili ilikijua. Shida ilikuwa moja: ile iliyokuwa tayari ilitengenezwa kwa mashine mpya, na yetu iliikataa katakata.

"Basi tutaijenga wenyewe," alisema, kama mtu anayesema atachemsha chai.

Akaniweka kwenye kiti karibu naye, akanieleza hivi. Programu iliyo tayari ni chakula kilichopikwa, unakula tu. Lakini watu walioitunga hii walitoa na msimbo wake, yaani yale maandishi waliyoyaandika kwa mikono yao, ili yeyote ayachukue. Hiyo ni sawa na kupewa mfuko wa michembe, viazi vyetu vya kukausha: unachemsha mwenyewe, kwa sufuria yako na moto wako. Kwanza mashine inakagua kama vitu vinavyohitajika vipo. Halafu inayageuza yale maandishi, faili moja baada ya nyingine, yawe lugha inayoielewa. Mwisho inaweka kila kitu mahali pake.

Ukaguzi ulipoanza, skrini ikajaa malalamiko. Mimi nikakazania mstari wa chini kabisa, uliokuwa mrefu na wa kutisha.

"Usianzie huko, mayu," shangazi akasema. Kwetu hata mtoto wa kike huitwa mama. "Soma kosa la kwanza. Hayo mengine yanalia kwa sababu hilo limelia."

Kweli, kipande kimoja kilikuwa hakipo. Akakipakua kwa simu, akaanza tena, na safari hii mistari ikashuka kama mvua. Feni ikaunguruma. Tukatoka uani kula, tukaiacha ikijichemshia.

Tuliporudi, chumba kilikuwa kimya. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa kikubwa kuliko vyote, kile cha maua ya njano, kimechomekwa vizuri mbele na nyuma.

"Nani kafunika?" shangazi akauliza.

"Mimi," bibi akajibu. "Mapamba yote haya yanaruka, nyie mmeiacha uchi?"

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Minza hakucheka. "Imekufa?" akauliza.

"Imezimia kwa joto tu."

Mimi machozi yalinilenga, maana nilijua tunarudi mwanzo. Shangazi aliiacha ipoe, akaiwasha, akaandika amri ileile. Mashine ikakagua faili zilizokwisha kujengwa, ikaziruka, ikaendelea pale ilipokomea. Bibi akapewa ungo aipepee, akaipepea kwa heshima zote kama mgonjwa.

Jua lilipokuwa linashuka, sauti ikatoka. Ilisoma somo la mmeng'enyo wa chakula, kutoka kitabu alichokipakua shangazi, kama mtu mwenye mafua. Bibi akaiamkia kwa Kisukuma, "Mwadila!" Ikaendelea kusoma.

"Haina adabu," bibi akasema.

Nilimtazama Minza, nikisubiri afurahi au alie. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema, "Shangazi, haiwezi kwenda mbio?"

Shangazi akaongeza mwendo. Minza akasema bado. Shangazi akaongeza tena, mpaka mimi nikawa sishiki hata neno moja.

"Hapo hapo," Minza akasema. "Haya, nipisheni nisome."

Jumatatu alirudi darasani na kompyuta yake. Mimi niliona kama nimefukuzwa kazi, na kwa siku kadhaa nilimnunia. Leo kujenga programu ndiyo kazi yangu, na ninapomkalisha mwanafunzi kwenye kiti karibu nami humsimulia haya niliyochelewa kuyaelewa. Msimu mzima Minza alisimama niliposimama, akaruka nilipokwepa neno gumu, akaacha nilipochoka. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisoma kwa mwendo wangu, na mimi nikadhani ndio mwendo wake.