Kambale Wawili wa Tarehe Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Butembo, mashariki mwa Kongo, mkuu wa mapokezi alinikabidhi sanduku la fishi, yaani kadi za wagonjwa. "Mama," akasema, "huku jina haitoshe. Uliza mama yake, uliza na kwabo ni wapi." Kwetu Wanande jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale. Ukiita Kambale, benchi nzima inasimama.

Kompyuta ilinikuta Beni, nilipohamishiwa. Fundi wa programu, aliyekaa mbali, aliona jina na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kutenganisha watu. Lakini wengi hawakujua tarehe zao, na mashini haikukubali nafasi tupu. Administrateur wetu, yaani msimamizi wa hospitali, mtu mpole aliyeimba akifanya kazi, akatuambia, "Mutu kama hajue siku yake, andika premier janvier. Mashini inapenda ivo." Mwaka tulikadiria. Basi nusu ya mji ikazaliwa Mwaka Mpya.

Seremala mmoja wa mtaa wa Bungulu, Kambale, alitibiwa malaria akaenda zake. Baadaye akaja mchimba dhahabu kutoka Manguredjipa, peke yake, anaumwa kifua. Majina yale yale, tarehe ile ile, mwaka ule ule. Mashini ikawafanya mtu mmoja. Mchimba dhahabu alipofariki, muuguzi akapiga namba ya simu iliyoandikwa pale: ya mke wa seremala.

Mke huyo, Mama Masika, alifika bila viatu, analia na mashemeji zake. Tukamfunulia marehemu. Akainama kumtazama usoni.

"Uyu haiko bwana yangu."

Punde mume akashuka kwenye pikipiki, vumbi la mbao kichwani, amesikia kwamba amekufa. Mke akamkumbatia, akampiga kifuani, akacheka, akalia tena.

Administrateur aliwapigia ndugu wa marehemu kwa simu tuliyoikuta mfukoni mwake, kisha akawaomba msamaha seremala na mkewe, akawaambia waende nyumbani wapumzike. Mama Masika hakuondoka.

"Na uyu, nani atamulilia?"

"Batu bake bako mu njia, mama. Njia iko mubaya."

"Donc, basi, tunabakia. Nilishamulilia. Namna gani nimuache?"

Seremala mwenyewe alichonga jeneza. Ndugu wa marehemu walipofika, wamechoka na matope, walikuta moto uani mwa hospitali na watu wa Bungulu wanaimba nyimbo za kanisa. Kaka mkubwa akauliza, "Muko banani kwake?"

"Kompyuta ilisema tuko familia yake," seremala akajibu.

Yule kaka akatazama jeneza, kisha akaketi katikati yao.

Baada ya mazishi, administrateur alimpigia fundi simu mbele yangu, akamweleza yote. "Nilizani jina na tarehe vinatosha," fundi akasema. Akaongeza nafasi ya jina la mama, na ruhusa ya kuandika "tarehe haijulikani".

Sasa nimestaafu, nimerudi Butembo. Vijana wanaosomea programu huniuliza kama ninaichukia mashini. Hapana, wanangu. Ilifuata tulichoifundisha, nasi tulikuwa tumefundisha haraka. Ninawaomba tu, kabla ya kuchora visanduku vyenu vya kujazwa kwenye kompyuta, mkakae kwanza kwenye benchi la mapokezi.

Binti wa seremala alipoolewa, nami nilialikwa. Watu wa Manguredjipa, ndugu wa yule marehemu, walikuja na mbuzi, wakaketi upande wa ndugu za baba.