Mtunzaji wa Kifurushi cha Mita

Pale ofisi ya maji tulimpachika jina Bi Mita. Kila asubuhi alipanda ngazi za tangi, akasoma mita mpya kwa macho, akashuka kuingiza tarakimu kwenye kompyuta kwa mkono. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na programu aliyoiandika mwenyewe, ila maktaba yake, yaani kifurushi cha msimbo wa mtu mwingine ilichokiazima kusomea mita, ilikuwa ya zamani na ilirudisha sifuri tupu.

Mimi subira sina. "Dada, achana na hiyo ya ghala la mfumo wa kompyuta, imezeeka. Chukua mpya mtandaoni, kwenye ghala la lugha ya Paithoni, dakika mbili tu."

"Ya mfumo imekaguliwa," alijibu bila kugeuka. "Huko kila mtu anatupia chake. Kikiharibika, nani atajibu?"

Ubishi huo umewanunisha watu wazima wengi katika kazi yetu ya ufundi wa kompyuta, kwa hiyo nilidhani ni ukaidi wake tu. Nilimtania miezi mitatu mizima. Alinitazama kama ukuta, akanywa chai iliyopoa.

Kisha mkuu akachoka: Ijumaa ikifika programu haisomi mita, kazi apewe mwingine.

Nikafungua maelezo ya kile kifurushi nimwoneshe kilivyopitwa na wakati. Vifurushi vya mfumo huandikwa jina la mtunzaji, na taarifa za hitilafu humwendea yeye. Jina lilikuwa la mumewe. Nilijua alikuwa mtu wa kompyuta, na jeneza lake nililishika kwa mikono yangu, lakini hili sikulijua. Chini palikuwa na taarifa moja, imetumwa na Bi Mita wiki tatu baada ya mazishi: "Mita mpya zinasoma sifuri. Naomba uangalie."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Dada," nikasema, "tuweke mpya kwenye folda yake peke yake. Hii ya zamani haitaguswa."

"Itakaa bila mtu wa kuitumia. Mwisho wataiondoa ghalani."

"Pole. Unajisikiaje lakini?"

"Sijisikii kitu, mdogo wangu. Tangu siku ile. Nakula, nalala, nakuja kazini."

Alhamisi mchana aliniita mezani kwake. Hitilafu alishairekebisha, mistari sita tu; nadhani angeiweza tangu siku ya kwanza. Lakini ghala halipokei marekebisho ya kifurushi kisicho na mwenyewe, hivyo alikuwa anajaza fomu ya kukitunza yeye. Jina lake lilikuwa limeshakaa. Kilibaki kisanduku kimoja: sababu ya kumwondoa mtunzaji wa awali.

"Niandikie wewe," alisema.

Nikaweka vidole, vikagoma. Fundi mzima, mdomo wote ule, nikashindwa na kisanduku.

Akaivuta kibodi taratibu, akaandika neno moja: Amefariki. Akalisoma kwa sauti, kisha akalisoma tena. Miezi yote ile sikuwahi kumsikia akilitamka. Akabonyeza tuma, akaanza kulia.